Kabla ya Kuingia, Soma Masharti ya Kutoka

Anayetafuta makao ya mzazi mwenye ugonjwa wa kusahau katika mji mdogo wa kusini mwa Marekani hukaribishwa kwa bashasha. Ataonyeshwa sebule yenye kinanda, bustani iliyozungushiwa ukuta ili mgonjwa atembee bila kupotea, ratiba ya nyimbo na kazi za mikono, na atapewa mwenyeji ambaye kazi yake hasa ni kuuza vyumba, hata kama cheo chake hakisemi hivyo. Vitu hivyo si bure, lakini vinajibu swali la leo tu. Swali ninalokushauri uanze nalo ni la miaka miwili ijayo: ni jambo gani litakaloifanya nyumba hii imwambie mzazi wako aondoke, na akiondoka ataenda wapi? Aina za leseni, nyota za serikali, bei na majina ya vitengo huwachanganya watu kwa sababu wanavitazama kimoja kimoja. Ukivitazama kutoka kwenye mlango wa kutokea, utajua kipi cha kupima na kipi cha kupuuza.

Tuchukue mji wa Bowling Green, Kentucky. Sensa ya 2020 iliukuta na wakazi elfu 72 hivi. Una chuo kikuu, hospitali, kiwanda cha magari ya Corvette, na kwa miongo kadhaa umekuwa ukipokea wakimbizi: Wabosnia katika miaka ya 1990, kisha watu wa Burma, kisha Wakongo wengi, ndiyo sababu Kiswahili kinasikika huko madukani na makanisani. Mji wa kiasi hicho una vitengo vichache vya wagonjwa wa demensia, na kikijaa kimoja au kikimkataa mgonjwa, familia haina mtaa wa pili wa kukimbilia. Nashville iko umbali wa kilomita mia moja hivi na Louisville karibu 180. Kwa mtu mwenye gari na kazi ya ofisini hiyo ni safari ya Jumamosi. Kwa mtoto anayefanya zamu ya usiku kiwandani, ni tofauti kati ya kumwona mama mara nne kwa wiki na kumwona mara moja kwa mwezi. Katika jiji kubwa kosa la kuchagua hurekebishika kwa kuhama barabara. Katika mji mdogo humtoa mgonjwa mjini kabisa, na ndiyo maana masharti ya kuondoka yana uzito zaidi huku.

Ugonjwa wenyewe hauna haraka. Kwa wastani, mtu mwenye umri wa miaka 65 na zaidi anayegunduliwa kuwa na Alzheimer (aina moja ya demensia) huishi miaka minne hadi minane baada ya kupimwa, na wengine hufika ishirini. Katika muda huo anapita hatua ambazo kila moja ina mahitaji yake: kwanza anasahau kumeza dawa, halafu anatoka nje asijue njia ya kurudi (wagonjwa sita kati ya kumi hupotea angalau mara moja), halafu anakataa kuogeshwa na kumpiga anayemwosha, halafu hawezi kunyanyuka bila watu wawili, na mwisho hawezi kumeza. Kila nyumba ina dari yake, yaani hatua ambayo haiendi zaidi yake. Nyingine hukoma mgonjwa anapohitaji wahudumu wawili wa kumhamisha kutoka kitandani hadi kitini. Nyingine hukoma anapoanza kupiga. Nyingi hukoma fedha zinapokwisha. Mwenyeji wako hatakuficha dari hiyo ukimuuliza, ila usipouliza haitatajwa kati ya kinanda na bustani.

Hapa ndipo aina ya leseni inapokuwa na maana. Nyumba ya uuguzi inayopokea fedha za Medicare (bima ya serikali kwa wazee) au Medicaid (bima ya serikali kwa wasio na uwezo) inafungwa na sheria ya shirikisho ya mwaka 1987. Haiwezi kumtoa mkaazi ila kwa sababu chache zilizotajwa, lazima kwa kawaida itoe taarifa ya maandishi siku 30 kabla, na mkaazi ana haki ya kukata rufaa. Makao ya kusaidiwa (assisted living), ambako vimo vitengo vingi vya wagonjwa wa demensia, viitwavyo vya kumbukumbu, hayana sheria ya shirikisho ya namna hiyo. Yanasimamiwa na jimbo, na sehemu kubwa ya uhusiano wenu itakuwa imo ndani ya mkataba mtakaotia saini. Kentucky ilibadilisha sheria yake mwaka 2022, ikayaweka makao hayo chini ya leseni na kutenga aina ya pekee kwa yale yenye kitengo cha demensia. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuuliza ni kama nyumba inayojiita ya kumbukumbu ina leseni ya aina hiyo, au ni makao ya kawaida yenye mlango wa kufuli na bango zuri. Hata hivyo leseni haikupi ulinzi wote wa nyumba ya uuguzi. Na usidhani kwamba hata huo ulinzi unajitekeleza: kwa miaka mingi malalamiko yaliyoongoza kutoka nyumba za uuguzi, kwa hesabu za maombudsmani wa huduma za muda mrefu nchini Marekani, yaani watetezi wa wakaazi, yamekuwa ya watu kutolewa isivyo halali. Ikiwa hali ni hiyo penye sheria, pima mwenyewe penye mkataba tu.

Basi omba mkataba mtupu kabla ya kwenda kutembezwa, na nyumba isiyotaka kuutoa imeshakujibu. Usome sehemu ya kusitisha makazi kabla ya sehemu ya bei. Tafuta maneno mapana kama vile mahitaji yanayozidi uwezo wetu, halafu uliza nani anapima uwezo huo: daktari wa mgonjwa, muuguzi wa nyumba, au meneja? Uliza pia swali ambalo wachache huuliza, nalo ni watu wangapi waliondoka katika kitengo hiki mwaka uliopita wakiwa hai, na walikwenda wapi. Meneja mzuri anajua jibu kichwani, na hataliona swali kuwa la uchokozi. Uliza itakuwaje mzazi akilazwa hospitali kwa nimonia siku kumi: chumba kinashikiliwa, kwa bei gani, na je, wanatuma mtu kumpima upya kabla ya kumrudisha? Njia moja ya kumtoa mgonjwa msumbufu ni kumpeleka idara ya dharura kisha kusema hali yake imebadilika, hatuwezi tena. Familia hubaki na mgonjwa kwenye korido ya hospitali na saa chache za kuamua.

Fedha ndiyo sababu ya kuondoka inayotabirika kuliko zote, na wengi huitabiri wakiwa wamechelewa. Mwaka 2024 bei ya kati ya makao ya kusaidiwa nchini Marekani ilikuwa dola 5,900 kwa mwezi, sawa na dola 70,800 kwa mwaka. Kusini bei mara nyingi huwa chini kidogo, lakini kitengo cha kumbukumbu huongeza juu ya bei ya kawaida, na kila ngazi ya huduma inaongeza tena. Familia yenye akiba ya dola 150,000, ambayo si familia maskini, imenunua miaka miwili na ushei ya ugonjwa unaoweza kudumu minane. Medicare haitaziba pengo. Inalipia uuguzi wa kitaalamu hadi siku 100 baada ya kulazwa hospitali siku tatu, tena baada ya siku ya 20 mgonjwa anachangia; kulishwa, kuogeshwa na kulindwa kwa miaka haimo. Medicaid ndiyo inayolipia uuguzi wa muda mrefu kwa asiye na kitu, na Kentucky asiye na kitu ni mtu mmoja mwenye mali ya kuhesabika isiyozidi dola 2,000. Ila sheria ya shirikisho hairuhusu Medicaid kulipia chumba na chakula katika makao ya kusaidiwa, katika jimbo lolote. Majimbo kadhaa hulipia huduma peke yake, na chumba kinabaki juu yako. Maana yake ni kwamba nyumba ya kupendeza isiyopokea Medicaid ni nyumba ya miaka miwili, na unapaswa kuijua hivyo siku ya kuingia.

Ndiyo maana ninapendekeza upime makao kwa kuyaunganisha na yatakayofuata. Makao ya kusaidiwa yaliyo uwanja mmoja na nyumba ya uuguzi yenye vitanda vilivyoidhinishwa kwa Medicaid yana thamani kuliko makao mazuri zaidi yanayosimama peke yake. Lakini usikubali jibu la ndiyo, tunapokea Medicaid. Nyumba inaweza kuwa imeidhinishiwa vitanda kadhaa tu, hivyo uliza ni vingapi, viko wapi, na mkaazi wa upande wa pili ana kipaumbele gani vikijaa. Na kumbuka kwamba nyumba ya uuguzi hairuhusiwi kumtaka mtu aahidi kutoomba Medicaid.

Kuna mtego mwingine unaowahusu hasa wasomaji wenye ndugu ng'ambo. Mtu anapoomba Medicaid ya huduma za muda mrefu, jimbo linakagua miezi 60 iliyopita na kuhesabu mali iliyotolewa bila malipo halali, kisha linamnyima msaada kwa kipindi kinacholingana na kiasi hicho. Fedha za mzazi zilizotumwa Goma kujenga nyumba ya ukoo, au Bujumbura kulipa karo ya wajukuu, zinaweza kuhesabiwa kuwa zawadi. Hakuna ubaya katika kuzituma, ila weka risiti na maelezo, na muone mwanasheria wa mambo ya wazee mapema. Muulize pia habari ya mtoto aliyeishi na mzazi katika nyumba ya mzazi miaka miwili akimhudumia kiasi cha kuchelewesha kuingia kwake makaoni: sheria inaruhusu nyumba kuhamishiwa jina la mtoto huyo bila adhabu. Huenda familia yako imetimiza sharti hili bila kujua kwamba lipo.

Baada ya fedha huja tabia, na hapa lazima tuzungumze juu ya wahudumu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Health Affairs, uliotumia kumbukumbu za mishahara za nyumba za uuguzi kote Marekani, ulikuta kwamba wahudumu wa uuguzi walibadilika kwa wastani wa asilimia 128 kwa mwaka. Mhudumu wa wiki ya pili hajui kwamba mzee huyu hakubali kuvuliwa shati na mwanamke, au kwamba yule akikunja ngumi anataka kwenda msalani. Anachoona ni mgonjwa mkali, na anaandika hivyo kwenye faili. Faili likijaa, nyumba ina sababu ya kumtoa, au ya kumpa dawa za kutuliza akili. Tangu 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani imezitaka dawa hizo zibebe onyo lake kali kuliko yote, kwa kuwa huongeza vifo kwa wazee wenye demensia. Kwa hiyo idadi ya wahudumu na muda wanaodumu haihusu starehe peke yake. Ndiyo inayoamua kama tabia ya mzazi wako itasomwa kuwa lugha au kosa.

Kwa nyumba za uuguzi, tovuti ya serikali iitwayo Care Compare inaonyesha mambo haya, pamoja na ripoti za ukaguzi na asilimia ya wakaazi wanaopewa dawa hizo. Tangu Januari 2022 imeongeza kiwango cha wahudumu kuacha kazi na idadi yao siku za wikiendi. Nyota ambazo tovuti hiyo huipa kila nyumba usizisujudie; tazama wikiendi na kuacha kazi. Makao ya kusaidiwa hayamo kwenye tovuti hiyo, na wala usitegemee sheria ya taifa kukuhakikishia idadi: kanuni ya 2024 iliyotaka saa 3.48 za uuguzi kwa kila mkaazi kwa siku ilihusu nyumba za uuguzi tu, na hata hiyo ilibatilishwa na jaji wa shirikisho huko Texas Aprili 2025. Utahesabu mwenyewe. Nenda saa kumi na moja jioni, jua linaposhuka na wagonjwa wengi wanapoanza kuhangaika, na tena Jumapili. Hesabu wahudumu na hesabu wagonjwa. Muulize mhudumu, si meneja, ana muda gani hapo.

Lugha inaingia mahali hapo hapo. Mgonjwa aliyejifunza Kiingereza ukubwani mara nyingi hukipoteza mapema na kubaki na lugha aliyolelewa nayo, iwe Kiswahili, Kinyamulenge au Kibembe. Asipoeleweka anapaza sauti, akipaza sauti anashikwa, akishikwa anapiga. Nyumba zinazopokea fedha za shirikisho zinabanwa na sheria ya haki za kiraia ya 1964 kutoa mkalimani. Makao yanayoishi kwa fedha za wakaazi pekee huenda yasibanwe hivyo. Lakini mkalimani wa simu hasaidii saa tisa za usiku bafuni. Mji wenye Wakongo wengi una faida ambayo wazungu wenyeji hawana habari nayo: miongoni mwa wasaidizi wa wauguzi wanaweza kuwamo wasemaji wa Kiswahili. Uliza nani anasema nini na kwa zamu gani. Ningemchukua mhudumu mmoja wa usiku anayesema Kiswahili kuliko bustani mbili. Hata hivyo usiweke maisha ya mzazi juu ya mtu mmoja, maana naye anaweza kuacha kazi kama wengine.

Atakayenipinga kwanza atasema hesabu hii ina uchuro. Mama bado anacheka, anaimba, anatambua watoto. Mpe mahali pa kumfurahisha sasa, mengine yatajulikana baadaye. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na mtu aliyebakiza mwaka mmoja wa kutambua sura anastahili mwaka mzuri. Lakini fikiria anachohitaji mgonjwa asiyeweza kuhifadhi jambo jipya. Nyumba aliyoingia mapema, aliyoizoea kwa miguu na kwa harufu kabla akili haijafungika, bado inaweza kumwongoza anapokwenda msalani. Nyumba anayohamishiwa baadaye hataweza kujifunza. Kumhamisha katika hatua ya kati ni kumwomba afanye jambo lile lile ambalo ugonjwa umemnyima. Kama akiba inatosha miaka minane, chagua kwa furaha tu. Kwa wengine, sehemu isiyopendeza sana lakini yenye kitanda cha baadaye ndiyo inayolinda furaha kwa muda mrefu zaidi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi kwetu: mzazi hapelekwi kwa wageni, analelewa nyumbani. Sitaki kulidharau, kwa kuwa malezi ya nyumbani mara nyingi huwa bora na sheria yenyewe, kama tulivyoona kwenye suala la nyumba, huyatambua. Lakini malezi yale yalitegemea nyumba yenye watu mchana kutwa: wifi, wajukuu, jirani asiyebisha hodi. Nyumba ya vyumba viwili Bowling Green, ambako watu wazima wote wako kazini na watoto wako shuleni, haina watu hao, na kumfungia mgonjwa ndani peke yake si mila ya mtu yeyote. Ukiamua kumweka nyumbani, pima uamuzi huo kwa kipimo kile kile: ni jambo gani litakalotushinda, na siku hiyo atakwenda wapi? Uliza kuhusu mpango wa Medicare uitwao GUIDE, ulioanza Julai 2024, ambao kwa wanaostahili unatoa mwongozaji wa huduma na hadi dola 2,500 kwa mwaka za kumpumzisha mlezi. Kisha chagua makao ungali unamtunza, usisubiri kuchagua ukiwa kwenye korido ya hospitali.

Karatasi ziandaliwe mzazi angali anaelewa anachotia saini. Hati ya uwakilishi wa mali na ile ya maamuzi ya matibabu zikikosekana, huenda ukalazimika kwenda mahakamani kuomba usimamizi. Aliye na hati naye aangalie anachotia saini kwa niaba ya mzazi. Mei 2017 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua shauri lililotoka Kentucky kuhusu ndugu waliotia saini, kwa hati za uwakilishi, makubaliano ya kupeleka migogoro kwa msuluhishi badala ya mahakama. Mahakama ya jimbo ilitaka kuwalinda wagonjwa, na Mahakama ya Juu ikaikataa kanuni yake. Nyumba ya uuguzi hairuhusiwi kuyafanya makubaliano hayo kuwa sharti la kuingia, na ukiyasaini una siku 30 za kuyafuta. Vilevile hairuhusiwi kukudai wewe mtoto uwe mdhamini wa deni. Penye nafasi ya mtu atakayewajibika, andika kwamba unasaini kama mwakilishi wa mzazi.

Kwa aliyekuja na mzazi kama mkimbizi, hadhi ya uhamiaji ni sehemu ya mpango wa makao. Kwa sheria iliyotiwa saini Julai 2025, kuanzia 1 Oktoba 2026 mkimbizi asiye na grini kadi hahesabiwi tena miongoni mwa wageni wanaostahili Medicaid kamili ya shirikisho, kwa hiyo ombi la grini kadi lisilale mezani. Kwa aliyefikia kuomba uraia, fomu N-648 ikijazwa vizuri na daktari inaweza kumwondolea mgonjwa wa demensia mtihani wa Kiingereza na wa historia. Daktari aeleze jinsi ugonjwa unavyomzuia kujifunza, si kutaja jina la ugonjwa tu.

Ukibaki na nyumba mbili au tatu, mpigie ombudsmani wa huduma za muda mrefu wa eneo lako kabla ya kusaini. Namba yake utaipata kwa Eldercare Locator, 1-800-677-1116. Chama cha Alzheimer nacho, 1-800-272-3900, hupokea simu saa 24 na kinaweza kukuunganisha na mkalimani. Usimuulize ombudsmani nyumba ipi ni nzuri, hataweza kukuchagulia. Muulize ni nyumba ipi anaitwa mara kwa mara kwa ajili ya watu waliopewa barua za kuondoka.